Mume wangu anataka mdogo wangu apelekwe polisi kwa misokoto miwili ya bangi

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala na nauza vitenge. Nakuandikia usiku huu kwa sababu Jumapili tuna kikao cha familia na mpaka sasa sijui nitafungua mdomo niseme nini.

Wazazi wetu wote wametangulia mbele ya haki. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 20, yuko chuo mwaka wa pili na anakaa kwangu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafua, nikapekua mifuko ya suruali yake kama ninavyofanya siku zote nisije nikaloweka pesa. Nikatoa kiberiti. Nilipokitikisa hakikulia. Kukifungua, nikakuta misokoto miwili iliyosokotwa kwa karatasi ya daftari. Harufu ile sikuhitaji kuambiwa.

Naijua kwa sababu kaka yetu mkubwa alikuwa teja kwa miaka tisa. Aliuza mtungi wa gesi, akauza mabati yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya banda, mwisho akauza godoro alilokuwa analalia mama akiwa mgonjwa. Tukikaa kula, anasinzia tonge likiwa mkononi, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na sisi tunaendelea kula kama hatuoni. Leo ni mwaka wa sita anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, hakosi hata siku moja. Amerudi kuwa mtu, anatengeneza feni na pasi, ana chumba chake. Lakini mama alikufa hajamwona amepona.

Nilipomuuliza mdogo wangu hakukana. Alinijibu kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio ulionitisha. Alisema bangi ni jani, si unga, yaani si heroini. Alisema pombe inaua watu wengi zaidi na inauzwa dukani mchana kweupe. Alisema nchi zilizoendelea zimeshahalalisha. Akampigia binamu yetu aliyeko Toronto simu ya video, binamu akageuza kamera akatuonyesha duka lenyewe: vioo, taa, watu kwenye foleni kama benki. “Dada, huku ni kama kununua soda.”

Mume wangu alisimama akatoka nje. Usiku akaniambia ana rafiki yake askari. Kijana akamatwe, alazwe ndani siku mbili tatu aonje joto ya jiwe, halafu tutamtoa. “Kaka yako alianza hivihivi, mkambembeleza.” Baba mdogo anamuunga mkono. Shangazi anataka aombewe na yaishe. Kikao ni Jumapili saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba mdogo.

Mama, nina maswali mawili. Nikubali aende polisi? Na la pili, ambalo ndilo linaninyima usingizi: kwani ana makosa kweli? Kama kwa wenzetu ni halali na kwetu ni jela, nani yuko sahihi? Mtoto huyu nimemlea mimi. Sitaki kumjibu “kwa sababu nimesema.”

Mama Vitenge, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Pole kwa mama, pole kwa miaka ile tisa. Nitaanza na la polisi kwa sababu ndilo lenye haraka: usikubali. Hata kama utabaki peke yako kwenye kikao, usikubali.

Mumeo anafikiri kituo cha polisi ni kama shule ya bweni, unampeleka mtoto na siku ukitaka unamchukua. Sivyo. Jalada likishafunguliwa si mali ya rafiki yake tena. Kuna wapelelezi, kuna waendesha mashtaka, kuna hakimu. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na marekebisho ya mwaka 2017 yaliiongezea makali. Kusafirisha bangi, kifungo kinaweza kufika miaka 30. Na neno “kusafirisha” katika sheria hiyo lisikudanganye ukafikiri ni lori linalovuka mpaka usiku. Kununua, kuhifadhi, kumpa mwenzako, yote yanaweza kuingia humo. Sisemi kwamba misokoto miwili lazima itampeleka miaka 30, maana kukutwa na kidogo kwa matumizi yako kuna kifungu chake chenye adhabu nafuu. Ninachosema ni kwamba kati ya vifungu hivyo viwili wewe huna la kuchagua, wala shemeji yake kijana, wala rafiki yake askari. Anachagua mtu asiyewajua.

Na akiponyoka kwa faini je? Kijana wa miaka 20 mwenye hukumu ya dawa za kulevya ataomba kazi gani?

Kuna kitu nilikiona kwa macho yangu. Mtaani kwetu, miaka mingi imepita, mama mmoja jirani alimpeleka mwanawe kituoni mwenyewe, akiwa amemshika mkono. Kosa lake ni bangi. Mama alitaka atishwe tu, kama anavyotaka mumeo. Kijana akakaa mahabusu miezi minne kwa sababu shahidi haji, hakimu yuko likizo, kesi inaahirishwa. Aliporudi tulimpikia pilau. Nilikaa naye jikoni nikimenya vitunguu swaumu, nikamuuliza huko ulijifunza nini, nikitegemea atasema amejuta. Akanitajia majina ya mapusha, mmoja mmoja, na wapi wanapatikana. Aliingia mvuta bangi, akatoka anamjua kila muuza unga wa wilaya yetu. Mwaka haukuisha, akawa teja. Mama yake hakuacha kuutazama ule mkono wake uliomshika kumpeleka.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, na nimefurahi umeliuliza, kwa sababu wazazi wengi hulikimbia, na kijana akiona mtu mzima amelikimbia anajua ameshinda.

Mumeo anasema kaka yenu alianza hivihivi. Hebu kaa na kaka yako umuulize alianzaje hasa. Nimewasikia wengi waliopona, na hadithi hujirudia mno. Kijana yuko kijiweni anavuta bangi. Siku moja msokoto anaopewa ni kokteli, bangi iliyochanganywa na unga. Pengine anaambiwa, pengine haambiwi. Au bangi imekosekana, na jamaa yuleyule anayemuuzia siku zote anampa kete ya unga bure, “jaribu hii, utalala kama mtoto.” Wiki chache baadaye anaamka mafua yanamtoka, tumbo linamkata, mifupa inauma, anafikiri ni malaria. Ni alosto, mwili unaudai unga. Hapo tayari yumo.

Ukiisikiliza vizuri hadithi hiyo utaona kwamba jani halikuwa na miguu ya kumpeleka kwenye unga. Wavuta bangi walio wengi hawafiki huko kabisa. Aliyempeleka ni yule jamaa mwenye mifuko miwili, mmoja wa bangi na mwingine wa kete. Waholanzi waliliona hilo mapema. Mwaka 1976 walibadilisha sheria yao wakatenganisha bangi na dawa kali kama heroini, wakawa wanavumilia bangi kidogo iuzwe mahali maalumu, hesabu yao ikiwa kwamba mtoto anayetafuta msokoto asikutane na muuza unga. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa wanaotaka kuhalalisha, na mdogo wako hakuitaja. Mpe wewe. Ataona kuwa unamsikiliza.

Kisha muulize kuhusu viroba.

Yeye alikuwa mtoto, lakini wewe unakumbuka. Pombe kali, halali, yenye leseni na kodi, ikafungwa kwenye vipakiti vya plastiki na kuuzwa kwa bei ya maandazi. Kila kituo cha daladala kulikuwa na kijana mwenye boksi la viroba pamoja na pipi na karanga. Mwendesha bodaboda alikata kimoja asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Wanafunzi walivificha kwenye soksi. Na miaka yote hiyo sheria ilisema wazi kwamba pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18! Ilibidi serikali ipige marufuku viroba vyenyewe, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu kumzuia muuzaji asimuuzie mtoto ilishindikana. Mimi nilikuwa nafagia vile vipakiti mlangoni kwangu kila asubuhi, vimejaa mchanga, na najua vijana wa mtaa huu vilivyowamaliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia pombe ni mbaya kuliko bangi na pombe ni halali, namjibu: ndiyo, umesema kweli, na ndiyo maana naogopa. Hatujaweza hicho kimoja tulichokihalalisha. Muuzaji akipata leseni hatauza kwa mtu mzima mwenye busara anayevuta mara moja kwa mwezi, maana huyo hamlipii kodi ya duka. Faida yake iko kwa anayevuta kila siku, na huyo kwa kawaida ameanza mdogo.

Tena hata hilo duka la Toronto si “kama kununua soda”, binamu yenu amerahisisha. Canada ilihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018. Huko Ontario uwe na miaka 19 ndipo uuziwe, na unadaiwa kitambulisho. Hadharani mtu mzima haruhusiwi kubeba zaidi ya gramu 30 za bangi kavu. Anayemuuzia mtoto anaweza kufungwa mpaka miaka 14. Ukivuka nayo mpaka, hata kama unakwenda jimbo la Marekani ambako nako ni halali, ni kosa. Yaani wameweka mzigo wa sheria na wakaguzi wa kuzisimamia. Mwambie binamu awaonyeshe na hiyo kwenye video.

Zipo njia nyingine ambazo hazimfungi mvutaji na pia hazimfungulii mtu duka. Afrika Kusini, Septemba 2018, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima anayevuta au kupanda bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe asihesabiwe mhalifu, lakini kuuza ikabaki marufuku. Ureno ilifika mbali zaidi: tangu Julai 2001, ukikutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10, hata kama ni heroini, hupelekwi jela, unapelekwa mbele ya jopo la watu watatu, wanakaa na wewe wanakuuliza unaishije, na kama umeshazama wanakuelekeza kwenye tiba. Muuzaji bado anafungwa. Ureno ilikuwa imeliwa na heroini wakati ule, na maambukizi ya Ukimwi kwa wanaojidunga yakashuka sana miaka iliyofuata. Lakini walimwaga pesa kwenye tiba. Jimbo la Oregon, Marekani, lilijaribu kufanana nao. Wananchi walipiga kura Novemba 2020, adhabu ya kukutwa na dawa kidogo ikawa tiketi ya dola 100, ila huduma za tiba zikachelewa, na wakati huohuo fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikaingia mitaani na kuua watu. Mwaka 2024 bunge la jimbo likairudisha kuwa kosa la jinai. Kumbe kufuta jela ndiyo sehemu rahisi.

Hapa jirani, Kenya, uchaguzi wa 2022 mgombea urais George Wajackoyah aliinadi bangi kama zao la kuuza nje lilipe madeni ya nchi. Vijana walijaa kwenye mikutano yake. Kura hazikufika asilimia moja.

Umeniuliza nani yuko sahihi, na sitakukwepa. Naamini kumfunga mtu kwa msokoto alioshika kwa ajili yake mwenyewe ni dhuluma, na ipo siku Tanzania itaiondoa. Naamini pia kwamba kufungua biashara ya bangi katika nchi iliyoshindwa na viroba kungewaumiza kwanza watoto wa Mbagala, si watoto wa wenye maduka. Nayashika yote mawili. Mdogo wako anaweza kubishana na mimi kuhusu lipi litangulie na nitamsikiliza. Ila sheria inayotawala leo ni hii tuliyonayo, na yeye anatembea nayo kwenye kiberiti, kwenye daladala, ndani ya nyumba ya shemeji yake. Sheria hiyohiyo inamgusa hata mwenye nyumba anayeruhusu dawa zitumike kwake. Hapo mumeo ana haki kamili ya kukasirika, na usimwache kijana afikiri ni ukali tu. Mwanamume huyu alikuoa ukiwa na jeraha la kaka yako, akampokea na mdogo wako. Anachokiogopa anakijua.

Basi utamwambia nini huyo kijana?

Usimwambie bangi ni unga. Anajua si kweli, na ukidanganya hapo hatakuamini popote. Mwambie lililo kweli. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na yeye ana 20. Kati ya watu kumi wanaovuta, kama mmoja hunasa akashindwa kuacha, na walioanza wakiwa chini ya miaka 18 hunasa zaidi. Wapo ambao bangi huwaamshia ugonjwa wa akili, hasa wavutaji wa kila siku, hasa wanaotumia skanka, ile bangi kali, hasa kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua. Je, kwenu yupo? Muulize baba mdogo, kwa sababu haya mambo huwa yanafichwa. Na umwambie jambo ambalo vijana hawalijui: kaka yake ameokolewa na methadoni, lakini methadoni ni ya heroini na jamii yake. Bangi haina kikombe cha kunywa asubuhi. Aliyenaswa na bangi hutoka kwa ushauri nasaha, kwa kubadilisha marafiki, kwa jasho.

Halafu nyamaza, uulize, usikilize. Alianza lini? Huvuta na nani? Huvuta akiwa peke yake? Akiamka asubuhi anaihitaji kabla ya chai? Hulala bila hiyo? Pesa anatoa wapi? Matokeo ya mwaka wa kwanza na ya sasa yakoje, umeyaona kwa macho? Kijana anayevuta Jumamosi na wenzake na anayevuta saa moja asubuhi chumbani peke yake wote wamekutwa na kiberiti kilekile, lakini si mgonjwa mmoja. Swali la mwisho ndilo kubwa: anayekuuzia anauza nini kingine? Hilo usimuulize kwa hasira. Muulize kama mtu anayetaka kujua.

Ukiona majibu ni ya yule kijana wa pili, anayevuta asubuhi peke yake, mtafutieni mshauri, hospitali nyingi za wilaya na mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Usikimbilie kumfungia kwenye soba. Nyumba za upataji nafuu zimesaidia wengi, lakini kumchanganya kijana wa bangi na watu wanaotoka kwenye unga kabla hajapimwa na mtaalamu ni kurudia kosa la mahabusu kwa nia njema. Na shangazi aombe, aombe sana, ila dua isigeuzwe kifuniko cha kuzuia mazungumzo.

Sharti la nyumba liwe moja na litoke kwa mumeo mwenyewe, kwa sauti yake: hakuna bangi ndani ya nyumba hii, hakuna kwenye begi wala mfuko. Likivunjwa, atahamia kwa baba mdogo. Hilo ni sharti ambalo mtaweza kulitekeleza. “Polisi” mkishatamka hamtaweza kulirudisha.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo limenisumbua toka nisome barua yako. Umetaja watakaozungumza kwenye kikao: mume, baba mdogo, shangazi, wewe. Wote mnamzungumzia kaka yenu mkubwa, na hakuna aliyesema atakuwepo. Kikao mmekiweka saa nne asubuhi. Mtu wa methadoni saa nne mara nyingi yuko kliniki au yuko njiani, Jumapili ni kama Jumatatu kwake, anapanga foleni, anataja namba yake, anakunywa mbele ya nesi. Miaka sita amefanya hivyo, na ndani ya familia yenu yeye peke yake ndiye anayejua msokoto huu unaweza kwenda wapi na mtu anarudije kutoka huko. Nadhani mnamwonea aibu bado. Au mnaogopa kumkumbusha.

Mpigie simu kesho. Mwambie kikao kimesogezwa mpaka saa tisa alasiri, aje, ampikie chai mdogo wake, na awe wa kwanza kuzungumza. Kisha umpigie baba mdogo umwambie saa imebadilika.